Valvu kunata kwa kaboni: chupa ya dawa, brashi, maganda ya walnati au kufungua hedi?

Gari linawaka asubuhi likitetemeka. Silinda moja inamisi, taa ya injini inapepesa, halafu baada ya dakika tatu nne linatulia kana kwamba halikuwa na lolote. Plagi mpya zimeshawekwa, koili zimeshabadilishwa, nozeli zimeshasafishwa, na kesho asubuhi hali ni ile ile. Ndipo valvu zinapotajwa, na ndipo pesa nyingi zinapopotea bure, maana "kaboni kwenye valvu" ni jina moja la magonjwa mawili. Dawa inayotibu ugonjwa wa kwanza haifiki kabisa kwenye ule wa pili.

Ugonjwa wa kwanza ni ukoko mgongoni mwa valvu ya kuingiza hewa. Valvu ina umbo la uyoga, kofia na shina. Mvuke wa oili unaopanda kutoka chini ya injini kupitia bomba la PCV (bomba la kupumulia injini), pamoja na moshi wa ekzosi unaorudishwa na mfumo wa EGR, hupita kwenye njia ya hewa, hukutana na chuma cha moto, huungua na kuganda. Tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa wali chini ya sufuria, mpaka njia inakuwa nyembamba na hewa inaingia kwa kupindapinda. Kipande kikibanduka na kukaa juu ya siti, yaani pale kofia ya valvu inapokalia kufunga, valvu haifungi na kompresheni inavuja.

Ugonjwa wa pili ni shina kunata ndani ya valvu gaidi, yaani ile bushi ambamo shina hupanda na kushuka. Nafasi iliyopo hapo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya Probox na IST ya 1.5, ni kati ya milimita 0.025 na 0.060 upande wa kuingiza hewa, na 0.030 hadi 0.065 upande wa ekzosi. Sili ya valvu ikikakamaa, oili hushuka ndani ya bushi, huiva kwa joto na kugeuka gundi nyeusi. Springi inavuta lakini shina linachelewa kurudi. Asubuhi gundi hiyo ni ngumu kama mafuta ya nazi yaliyoganda. Injini ikipata moto inalainika, na silinda inarudi kazini. Hii ndiyo hatari zaidi ya yote, kwa sababu valvu iliyochelewa kurudi inaweza kukutana na pistoni inayopanda, ikapinda.

Kwanza jua injini yako inamwaga petroli wapi

Injini za kawaida za sindano (1NZ-FE, 5A-FE, 1ZZ-FE na nyingine nyingi) humwaga petroli nje ya valvu, mgongoni mwake. Petroli yenye sabuni nzuri huosha ukoko kila siku.

Injini za sindano ya moja kwa moja humwaga petroli ndani ya silinda. Mgongo wa valvu haulowi hata tone. Kwa magari ya kisasa, Mitsubishi walizileta sokoni na GDI mwaka 1996, Toyota wakafuata na D-4 mwaka huo huo. Barabarani kwetu utazikuta kwenye Noah na Voxy za 1AZ-FSE, Premio na Allion za 2.0 za kizazi cha kwanza, Golf za TSI, na Demio za Skyactiv ambazo zimejaa Kenya. Kwa injini za Toyota, alama rahisi ni herufi FSE mwishoni mwa namba ya injini. Kwa nyingine, tafuta pampu ya pili ya mafuta iliyofungwa kwenye hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) na mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli.

Ukishajua hilo, nusu ya chaguo imeshafanyika. Mwenye Voxy ya D-4 anayetia chupa ya dawa kwenye tanki akitarajia valvu zake zisafike, dawa hiyo inapita chini ya valvu, inaungua na kutoka ekzosi. Nozeli zake zitanufaika. Valvu hazitajua kama kuna dawa imepita.

Vipimo vinavyotenganisha magonjwa haya

Pima injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, kabla hujaiwasha. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: gari limeendeshwa hadi gereji, limepata moto, valvu imeshaachia, geji inaonyesha namba nzuri, na fundi anasema injini haina tatizo. Kama ni lazima, liache gari gereji lilale.

Toa plagi zote, zima mafuta kwa kuchomoa fyuzi ya pampu, kanyaga mafuta hadi mwisho ili throto ifunguke, kisha piga stata mpaka geji iache kupanda. 1NZ-FE yenye afya hutoa takriban kilo 15 kwa sentimita ya mraba, sawa na psi 213. Kiwango cha chini ni kilo 11, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi, karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo zidisha kwa takriban 0.83: injini nzima ya Dar es Salaam iliyotoa psi 213 itasoma kama 177 ikiwa Nairobi. Injini nyingi za wilaya za nyanda za juu zimehukumiwa bila kosa kwa sababu hii.

Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi ndizo zinazovujisha. Isipobadilika, ni valvu au gasketi ya hedi. Kisha washa injini ipate moto, pima mara ya pili. Silinda iliyokuwa na psi 60 asubuhi ikirudi 170 ikiwa ya moto, shina linanata. Silinda iliyo chini baridi na moto, siti haifungi: kuna ukoko juu yake, imeungua, au valvu imepinda.

Geji ya vakyumu nayo ina msaada mkubwa, ingawa haipatikani kwenye gereji nyingi. Injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa, sindano hukaa kati ya inchi 17 na 21 pwani, na hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Valvu inayonata huifanya sindano ianguke ghafla kwa inchi tatu au nne, mara moja moja, bila mpangilio. Siti iliyoungua huiangusha kila mzunguko, kwa mwendo ule ule.

Mashine ya kupimia itakupa P0301, P0302 na kuendelea. Tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda inayomisi, basi. Hamisha koili na plagi ya silinda hiyo uipeleke nyingine. Msimbo ukihama nayo, ni koili au plagi, na makala haya hayakuhusu.

Kwa injini ya sindano ya moja kwa moja, kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu humaliza ubishi. Fungua throto, ipitishe kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) mpaka uone shina. Ukiona shina limevimba na kufunikwa na kitu cheusi kinachong'aa kama lami yenye changarawe, umeshapata jibu.

Dawa ya kwenye tanki

Ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa injini ya sindano ya kawaida ndiyo ya kuanzia. Cha kuangalia ni kilichomo ndani. Tafuta neno polyetheramine, au herufi PEA, kwenye chupa. Kemikali hii hustahimili joto la chumba cha kuunguzia na huosha mgongo wa valvu pamoja na kichwa cha pistoni. Dawa zilizojengwa juu ya polyisobutylene amine, PIBA, hufaa kwa nozeli na kuzuia uchafu mpya, lakini kung'oa ukoko wa zamani si kazi yake.

Chupa moja kwa tanki zima, na uendeshe safari ndefu, si foleni ya Mwenge wala ya Thika Road. Tanki la pili rudia. Usizidishe kipimo ukidhani utaharakisha. Viungio vizito vikizidi hujikusanya kwenye shina na kuwa nta ya kunata kukiwa na baridi. Tatizo hili lilijulikana vizuri sana Ulaya kwenye injini ya Volkswagen ya boksa iliyopozwa kwa maji, hata injini hiyo ikafanywa kipimo rasmi cha kujaribu kama petroli inanatisha valvu za kuingiza hewa. Yaani dawa ya kaboni ikimiminwa ovyo inaleta ugonjwa ule ule. Baada ya tanki la pili badilisha oili, maana sehemu ya dawa hupenya ringi na kushuka sampo, bakuli la oili chini ya injini.

Kinachoshindikana hapa: shina lililokwishanata kwenye bushi. Petroli haipandi ndani ya bushi kwa kiasi cha maana.

Dawa ya kwenye oili

Inafikiriwa zaidi kwa shina, kwa sababu oili ndiyo inayofika juu ya hedi. Zipo za kuoshea: unatia kwenye oili chakavu, injini inanguruma bila kukanyagwa dakika 10 hadi 15, unamwaga yote na kubadilisha filta. Gari haliendeshwi nayo, kwa sababu oili imekuwa nyepesi.

Kwa injini iliyotunzwa na inayoanza tu kusuasua asubuhi, jaribio hili lina maana. Kwa injini ambayo ukifungua kifuniko cha oili unakuta tope jeusi kama uji wa ulezi uliopoa, usithubutu. Tope litang'oka lote kwa mpigo na kuziba chujio la pampu ya oili, taa nyekundu iwake, na ndani ya dakika chache bearingi zimekwisha. Injini ya namna hiyo isafishe polepole: oili nzuri ya daraja linalotajwa kwenye kitabu cha gari, ibadilishwe na filta yake kila kilomita 1,500 mara tatu mfululizo. Ni njia ndefu, na mara nyingi mwisho wake mnato mwepesi wa valvu huondoka wenyewe.

Spreyi kupitia njia ya hewa

Injini ya moto, mtu mmoja ameshika mzunguko kwenye 2,000, mwingine anapuliza kidogo kidogo baada ya kipimahewa, kamwe si kabla yake. Kopo likiisha, zima, acha dawa ikae saa moja, kisha endesha kwa kasi dakika 15 hadi 20. Moshi mweupe utakuwa mwingi, na watu wengi huuchukulia kama ushahidi kwamba kaboni inatoka. Sehemu kubwa ya moshi huo ni dawa yenyewe ikiungua.

Njia hii hulainisha tabaka la juu. Kwenye D-4 iliyotembea kilomita 120,000 bila kusafishwa, itaacha sehemu kubwa ya ukoko mahali pake. Hatari zake ni tatu. Ukimimina badala ya kupuliza, silinda hujaa kimiminika kisichobanika, na fimbo ya pistoni hupinda. Kipande kigumu kikibanduka huweza kubanwa kati ya valvu ya ekzosi na siti yake. Na kwenye injini yenye tabo, kipande hicho kinapita kwenye feni inayozunguka mara zaidi ya laki moja kwa dakika. Kwa TSI, afadhali kuruka hatua hii.

Inafaa kama matengenezo ya kila mwaka baada ya valvu kusafishwa vizuri. Kama tiba ya kwanza ya injini iliyochafuka sana, haifiki.

Kufungua manifoldi: brashi au maganda ya walnati

Hapa ndipo penye kazi yenye matokeo kwa injini za sindano ya moja kwa moja, na ndipo tofauti kati ya njia mbili inapostahili kuangaliwa kwa karibu. Hatua za mwanzo ni zile zile. Chomoa betri. Manifoldi ya hewa inatoka, na throto yake. Kwenye 1AZ-FSE utakutana pia na vile vipepeo vya kuchanganya hewa, ambavyo mara nyingi huwa vimegandia kwa kaboni. Visafishe vicheze kwa kidole bila kukwama. Usiguse bomba la mafuta la presha kubwa hata kama linakuziba. Ndani yake presha huzidi bar 80 injini ikifanya kazi, na hubaki kwa muda baada ya kuzimwa.

Kisha kila silinda inasafishwa valvu zake zikiwa zimefungwa. Toa plagi, zungusha injini kwa spana kwenye puli ya krenki, pistoni ipande juu ikiwa kwenye mkandamizo. Hakikisha kwa kumwaga dawa kidogo kwenye tundu: ikibaki palepale, zimefungwa. Ikizama, acha, kwa sababu ama umekosea mzunguko ama siti haifungi. Matundu mengine yote yazibwe kwa vitambaa.

*Kwa brashi.* Mwaga dawa ya kusafishia kabureta ifunike mgongo wa valvu, subiri dakika 20 hadi 30. Ukiangalia kwa tochi utaona dawa imegeuka rangi ya kahawa nyeusi. Tabaka la juu hutoka kama matope, la chini ni gumu na linahitaji kuchokonolewa kwa kijiti cha plastiki ngumu au cha shaba, ukizunguka shina pole pole, hasa upande wa nyuma usiouona. Brashi iwe ya nailoni au shaba. Brashi ya waya wa chuma hudondosha nyuzi, na uzi mmoja ukiingia silinda huchora ukuta wake. Nyonya uchafu kwa bomba la sindano kubwa, futa, mwaga tena. Ukoko mnene unaomba raundi tatu hadi nne kwa kila silinda, na kazi ya silinda nne kwa fundi mvumilivu inakula siku nzima, mara nyingi hadi ya pili.

*Kwa maganda ya walnati.* Maganda yaliyosagwa, chengachenga za ukubwa wa meshi 20 hadi 30, hupulizwa kwa bunduki ya hewa huku vakyumu yenye nguvu ikinyonya kwenye tundu hilo hilo kupitia adapta. Presha iwe psi 80 hadi 100. Ganda la walnati ni gumu kuliko kaboni lakini laini kuliko chuma, ndiyo maana linakwangua ukoko bila kugusa siti. BMW wameitumia kama njia yao ya gereji kwa injini za sindano ya moja kwa moja. Andaa kama kilo moja kwa silinda, puliza kwa sekunde 10 hadi 20, simama, angalia kwa kamera, endelea. Silinda moja huisha kwa dakika chache, na chuma kinabaki cha kijivu kikavu.

Kwa ubora wa kazi, maganda yanashinda brashi waziwazi: yanafika nyuma ya shina, na hakuna kimiminika kinachovuja silinda. Brashi inashinda kwa kupatikana. Nje ya miji mikubwa si rahisi kupata mwenye bunduki, adapta ya injini yako na maganda yenyewe. Na unyevu wa pwani ni adui wa kazi hii: hewa ya kompresa isiyo na kichujio cha maji huyafanya maganda yagande kwenye bunduki, presha inapungua na fundi anadhani ukoko umekuwa mgumu. Akikuambia atatumia mchanga kwa sababu maganda hayapo, chukua gari lako. Punje moja ya mchanga iliyobaki kwenye pembe ya tundu itasaga ringi na silinda kwa miezi.

Kabla ya kufunga: puliza kila tundu kwa hewa, piga stata plagi zikiwa nje ili kilichobaki kitoke, weka gasketi mpya za manifoldi na throto. Kwa njia ya brashi badilisha na oili pia.

Njia zote mbili zinatibu mgongo wa valvu. Kama vipimo vya asubuhi vilionyesha shina linanata, utapata valvu inayong'aa na gari linalomisi vile vile.

Sili bila kushusha hedi

Njia hii haijulikani sana kwa wenye magari, na inawaokoa wengi. Ikiwa gari linatoa moshi wa bluu linapowashwa, oili inapungua, lakini kompresheni ni nzuri na shina linanata kidogo tu, sili zinaweza kubadilishwa hedi ikiwa mahali pake. Kamshafti zinatoka, pistoni inapandishwa juu kabisa, na valvu inazuiwa isidondoke kwa hewa ya kompresa inayoingizwa kwenye tundu la plagi, au kwa kamba ya nailoni inayosokomezwa ndani ya silinda. Springi inabanwa, sili ya zamani inatoka.

Hapo fundi anapata nafasi adimu: shika ncha ya shina kwa vidole, lizungushe, lisukume chini kidogo na kulirudisha. Shina zuri linateleza kama sindano kwenye siagi. Linalokwamakwama lina gundi. Likinyunyiziwa dawa na kuzungushwa mara nyingi, mnato mwepesi huachia. Ukilitikisa ubavuni na likacheza waziwazi, bushi imekwisha na sili mpya hazitadumu. Kwenye injini nyingi za Toyota sili za kuingiza hewa ni za kijivu na za ekzosi ni nyeusi, zisibadilishane.

Kufungua hedi

Hii ndiyo tiba kamili ya shina na siti, na ndiyo ghali kuliko zote. Ichague silinda inapokuwa chini baridi na moto, valvu ikiwa imepinda, bushi ikiwa imelika, au sili mpya na oili safi vikiwa vimeshindwa.

Orodha ya spea usiikubali ipunguzwe: gasketi ya hedi, seti ya gasketi za juu, sili zote 16, boliti za hedi kama zimevutika, na kipozea kipya. Valvu zikitoka zipangwe kwenye boksi lililotobolewa matundu yenye namba, kila moja irudi kwenye bushi yake. Shina lisipigwe msasa. Bushi isafishwe kwa brashi yake, na ikihitaji rima (chombo cha kupanulia tundu), izungushwe kwa mkono kuelekea upande mmoja tu, ikiwa na oili. Kuirudisha nyuma kunachubua ukuta. Kisha pima: kwenye 1NZ-FE nafasi ikizidi 0.08 upande wa hewa au 0.10 upande wa ekzosi, bushi mpya inahitajika, na hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine.

Valvu zinasagwa kwa dawa ya kusagia mpaka mstari wa kijivu, upana wa milimita 1.0 hadi 1.4, uzunguke kofia bila kukatika. Jaribio lake ni petroli: fundi anamimina kwenye matundu ya hedi iliyolazwa, anasubiri dakika tano. Siti ikilowa chini, arudie. Omba uwepo kipimo hicho kikifanyika.

Kusaga huizamisha valvu kidogo, na nafasi yake na kamu hupungua. Fundi akifunga bila kupima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), valvu inaweza kubaki wazi ikipata moto, na ndani ya miezi michache imeungua. 1NZ-FE inataka 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa, 0.25 hadi 0.35 ekzosi, injini ikiwa baridi. Haina shimu, vikombe vyenyewe ndivyo hubadilishwa kwa unene. Boliti za hedi zinakazwa kwa spana ya kupima nguvu, newtonmita 29 kwanza, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine.

Onyo moja kwa wenye injini za familia ya AZ. Bloku yake ni ya alumini, na nyuzi za boliti za hedi zina sifa mbaya ya kung'oka, hasa zile za nyuma. Kufungua hedi ya 1AZ-FSE kwa ajili ya ukoko tu, wakati brashi au walnati ingetosha, ni kualika tatizo ambalo halikuwepo. Kama hedi lazima itoke, ulizia mapema kama fundi ana vifaa vya kuweka nyuzi mpya za chuma.

Kwa ufupi wa macho

| Ulichokiona | Anza na | Usipoteze pesa kwenye |
|---|---|---|
| Sindano ya kawaida, kusitasita asubuhi, kompresheni nzuri | PEA tanki mbili | kufungua hedi |
| D-4, GDI, TSI, kamera inaonyesha ukoko | walnati, au brashi | dawa ya tanki |
| Chini ikiwa baridi, nzuri ikiwa moto | oili mara tatu, kisha sili | walnati |
| Moshi wa bluu kuwasha, kompresheni nzuri | sili bila kushusha hedi | spreyi |
| Chini baridi na moto, oili kwenye silinda haibadilishi | kufungua hedi | chupa yoyote |

Kinachorudisha ukoko

Valvu ya PCV iliyoziba au kubaki wazi hurudisha uchafu wote hata baada ya kazi nzuri. Ni spea ya bei ndogo. Kwenye Toyota nyingi ukiichomoa na kuitikisa lazima isikike ikigongagonga ndani. Isiposikika, mpya.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nayo huacha kaboni na gundi, kwa sababu mafuta ya taa ni mazito na hayaungui yakaisha. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na mchezo huo, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Vituo vyenye magari mengi huuza mafuta yasiyokaa, na gari lililosimama miezi sita lina petroli iliyoanza kuwa gundi ndani ya tanki. Imwagwe kabla ya kuwashwa.

Safari za kilomita mbili mbili, nyumbani hadi sokoni, haziipi injini joto la kutosha kukausha mvuke wa oili. Mara moja kwa wiki ipe nusu saa ya barabara kuu.

Na njia yoyote uliyochagua, baada ya kilomita 500 gari lilale gereji tena. Asubuhi, kabla halijawashwa, pima kompresheni ya silinda zote nne na uandike namba zake pembeni ya zile za mwanzo, kwenye karatasi ile ile.